Hesabu Dozi Zako: Mwongozo wa Chanjo ya Nyongeza Dhidi ya Pepopunda, Dondakoo na Kifaduro

Mtoto mchanga ana kadi ya kliniki, na mama mjamzito ana yake. Nje ya hao wawili, mtu anaweza kumaliza miaka arobaini bila kuulizwa na yeyote amechanjwa nini na lini, hadi siku atakapokanyaga msumari. Mkulima wa mpunga Kilombero, fundi pikipiki Kisumu, mvuvi wa Pemba anayekatwa na kombe akivuta nyavu, kijana anayesubiri tohara: hawa wako karibu na pepopunda kuliko watu wengi, na ndio ambao hakuna anayewatunzia kumbukumbu.

Mwongozo huu unakuonyesha jinsi ya kujua umefikia dozi ya ngapi, umebakiza ngapi, uende wapi na useme nini ukifika. Hauchukui nafasi ya muuguzi au daktari wako. Unakusaidia umfikie ukiwa na majibu ya maswali atakayokuuliza.

Kwa nini dozi za utotoni hazitoshi

Chanjo hizi huenda pamoja, lakini magonjwa yenyewe ni matatu, na kila ugonjwa una njia yake.

Pepopunda hutoka udongoni. Vijimbegu vya bakteria wake hukaa miaka mingi kwenye mchanga, vumbi na kinyesi cha ng'ombe, mbuzi na farasi. Vikiingia kwenye kidonda kirefu kisichopata hewa, vinaamka na kutoa sumu inayoshambulia mishipa ya fahamu. Taya hukaza, shingo hukaza, mgongo hupinda, na kelele au mwanga kidogo tu huamsha mishtuko ya misuli. Dalili huanza kati ya siku 3 na 21 baada ya kuumia, wakati mwingine kidonda kikiwa kimeshapona na kusahaulika. Ugonjwa huu hauambukizwi na mtu, kwa hiyo hata jirani zako wote wakichanjwa, kinga yao haikusaidii wewe. Aliyeugua akapona naye bado anahitaji chanjo, kwa sababu kuugua pepopunda hakuachi kinga.

Dondakoo huenezwa kwa matone ya kikohozi na chafya. Hujenga utando mzito wa kijivu kooni, huvimbisha shingo, na sumu yake hufika hadi kwenye moyo. Wengi huudhania kuwa ugonjwa wa zamani. Hata hivyo, baada ya Umoja wa Kisovyeti kusambaratika, katika miaka ya 1990 zaidi ya watu 140,000 katika nchi zilizokuwa zikiuunda waliugua dondakoo na zaidi ya 4,000 walikufa. Wengi wa wagonjwa hao walikuwa watu wazima ambao kinga yao ilikuwa imepungua. Mwaka 2023 Nigeria nayo ilikumbwa na mlipuko mkubwa uliolipiga zaidi jimbo la Kano.

Kifaduro ndicho chepesi zaidi kuambukiza kati ya haya matatu. Mtu mzima anaweza kukohoa wiki nyingi akidhani ni mafua ya msimu, kumbe anakipeleka kwa mtoto wa mwezi mmoja. Kwa mtoto wa umri huo kifaduro huweza kusimamisha pumzi. Kinga yake, iwe ya kuugua au ya chanjo, haidumu maisha yote.

Ndiyo maana kinga hii ni kama paa la makuti. Inaweza kuwa imeezekwa vizuri siku ya kwanza, lakini miaka inapopita huanza kuvuja bila kupiga kelele. Dozi tatu za utotoni hujenga msingi, na za nyongeza ndizo zinazoufanya udumu.

Hatua ya 1: Tafuta kumbukumbu zako

Anza nyumbani. Waulize mama, bibi au dada mkubwa kama kadi yako ya kliniki bado ipo. Kenya huenda ikawa kijitabu cha afya ya mama na mtoto. Tafuta kwenye bahasha za vyeti vya shule, ndani ya Kurani au Biblia ya nyumbani, na kwenye sanduku la nguo za sikukuu, maana huko ndiko familia nyingi huhifadhi karatasi za thamani.

Kwenye kadi tafuta maneno haya: DPT au DTP, Penta, TT, Td, Tdap. Ni majina ya chanjo, na tofauti zake zinaelezwa katika Hatua ya 2 na ya 3. Andika kila tarehe unayoiona. Mwanamke aangalie pia kadi zake za ujauzito, kwa sababu sindano alizochomwa kliniki kila mimba zinaingia kwenye hesabu.

Kama kadi imepotea, umri wako unaweza kukusaidia kukadiria. Shirika la Afya Duniani, WHO, lilianzisha mpango wa kupanua chanjo mwaka 1974. Tanzania iliuanza mwaka 1975 na Kenya mwaka 1980. Aliyezaliwa kabla ya miaka hiyo, au aliyekulia mbali na zahanati, ana uwezekano mkubwa wa kuwa hakupata dozi hata moja utotoni.

Kanuni ya wahudumu wa afya ni rahisi: kama hakuna ushahidi, hesabu sifuri. Kurudia dozi kwa sababu kadi imepotea si jambo la hatari kwa mtu wa kawaida, na ni afadhali kuliko kutegemea kinga ambayo huenda haipo. Lakini usikimbilie sifuri kabla ya kutafuta kwa bidii, kwa sababu kuchomwa mara nyingi mno kwa kipindi kifupi kunaweza kuvimbisha mkono wote.

Hatua ya 2: Jua umefikia wapi

WHO inapendekeza jumla ya dozi 6 za chanjo yenye kinga ya pepopunda kwa aliyeanza akiwa mchanga: tatu za mwanzo na tatu za nyongeza. Ratiba za Tanzania na Kenya hutoa zile za mwanzo mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14, ndani ya sindano ya Penta. Tafuta hali yako hapa chini.

*Mtoto mwenye dozi tatu za Penta.* Nyongeza zinazopendekezwa na WHO ni tatu: ya kwanza kati ya miezi 12 na 23, ya pili kati ya miaka 4 na 7, ya tatu kati ya miaka 9 na 15. Muulize muuguzi ni ipi inayotolewa kituoni kwako na ipi utaifuata kwingine. Umri wa miaka 9 hadi 14 ni nafasi nzuri kwa wasichana, kwa sababu ndio wakati wanapopata chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi, na Td inaweza kutolewa siku hiyohiyo.

*Kijana au mtu mzima asiye na dozi hata moja, au asiye na ushahidi.* Aliyeanza ukubwani anahitaji dozi 5. Ya kwanza leo. Ya pili baada ya wiki 4 au zaidi. Ya tatu baada ya miezi 6. Ya nne baada ya mwaka mmoja kutoka ya tatu, na ya tano mwaka mmoja kutoka ya nne.

*Mwanamke aliyechomwa sindano za kliniki wakati wa ujauzito.* Hesabu zilizoandikwa. Mbili zinamlinda kwa takriban miaka 3, tatu kwa miaka 5, nne kwa miaka 10, na tano kwa miaka yote ya uzazi. Wanawake wengi huishia ya pili au ya tatu kwa kudhani kila mimba inaanza upya. Haianzi upya. Endelea ulipoishia, hata kama huna mimba.

*Mwanamke mwenye ushahidi wa dozi tatu za utotoni peke yake.* Anahitaji mbili zinazopishana angalau wiki 4, kisha ya mwisho baada ya mwaka. Jumla inafika sita. Mwanamume wa hali hiyohiyo amwombe muuguzi ampangie hadi atimize sita.

*Aliyeanza akakatisha njiani.* Hata kama imepita miaka kumi, hurudi mwanzo. Mwili unazikumbuka dozi za awali. Unaendelea na inayofuata.

Kuna jambo moja ambalo wengi hawalijui. TT, sindano iliyotumika kwa miaka mingi kliniki na kwenye majeraha, ina kinga ya pepopunda tu. Mama mwenye TT tano ana kinga nzuri ya pepopunda, lakini hana chochote cha ziada dhidi ya dondakoo. Kwa sababu hiyo WHO imekuwa ikishauri nchi ziache TT na kutumia Td, yenye kinga ya yote mawili.

Hatua ya 3: Jua ni sindano gani unayohitaji

Herufi zilizo kwenye kichupa si mapambo. D kubwa maana yake ni kiasi kikubwa cha chanjo ya dondakoo, kinachofaa watoto wa chini ya miaka 7. d ndogo ni kiasi kilichopunguzwa, kwa sababu mwili wa mtu mzima huuma na kuvimba zaidi ukipewa kiasi cha mtoto. Kwa ufupi:

- Penta na DTP ni za watoto wa chini ya miaka 7.
- Td ni ya pepopunda na dondakoo, kuanzia miaka 7 na kuendelea, wajawazito wakiwemo.
- Tdap ni Td iliyoongezwa kinga ya kifaduro, kwa vijana na watu wazima.

Katika vituo vya umma vya Afrika Mashariki, sindano ya mjamzito huwa ni Td. Tdap hupatikana zaidi kwenye hospitali na kliniki binafsi za mijini, kwa kulipia. Kama uwezo upo na wewe ni mjamzito, iulizie. Kingamwili anazotengeneza mama hupita kwenye kondo la nyuma na kumlinda mtoto katika zile wiki za mwanzo kabla ya Penta yake ya kwanza.

Kama Tdap haipatikani, bado una silaha mbili. Ya kwanza ni kumpeleka mtoto kliniki wiki ya sita kamili, bila kusubiri hadi baridi iishe au mjomba arudi na gari. Ya pili ni kumzuia kila mwenye kikohozi asimbebe mtoto, hata awe bibi aliyesafiri siku mbili kuja kumwona mjukuu. Mwambieni kwa heshima, mpeni kiti mbali kidogo, na ataelewa akielezwa kwamba ni kwa ajili ya pumzi ya mtoto.

Wasomaji walio ughaibuni wafuate ratiba ya nchi wanayoishi, kwa sababu zinatofautiana. Marekani watu wazima hupata nyongeza kila miaka 10, na wajawazito hupewa Tdap katika kila mimba kati ya wiki ya 27 na ya 36. Uingereza mjamzito hupewa chanjo ya kifaduro kuanzia wiki ya 16, vijana hupata nyongeza wakiwa na takriban miaka 14, na dozi tano huhesabiwa kuwa zinatosha kwa wengi. Anayeomba viza ya kuhamia Marekani ataulizwa chanjo hizi kwenye uchunguzi wa afya, kwa hiyo atafute kumbukumbu zake mapema.

Hatua ya 4: Nenda kituoni ukijua la kusema

Pa kuanzia ni zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, kwenye chumba cha chanjo au kliniki ya mama na mtoto. Mwanamume asiogope benchi lililojaa wanawake na watoto. Chanjo iko humo, na muuguzi anayeijua zaidi yuko humo.

Piga simu au pita siku moja kabla kuulizia siku na saa za chanjo, kwa kuwa vituo vidogo huwa na siku maalumu. Wajawazito na watoto hupata chanjo za ratiba bure kwenye vituo vya serikali. Mtu mzima mwingine aulize mapema kama atatakiwa kulipia.

Ukifika, maneno machache yanatosha. Kwa mfano:

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umeleta mtoto?"

"Hapana mama, nimekuja mwenyewe. Nina umri wa miaka thelathini na mbili, nafanya kazi ya ujenzi. Kadi ya utotoni sina. Naomba kuanza Td, na unipangie tarehe za zinazofuata."

Kauli hiyo fupi imebeba mambo manne anayoyahitaji: umri, kazi inayokuweka hatarini, hali ya kumbukumbu, na kwamba unataka ratiba nzima badala ya sindano moja tu.

Mweleze pia kama una homa kali leo, kama uliwahi kupata mzio mkubwa baada ya chanjo, kama uliwahi kupooza ghafla katika wiki chache baada ya kuchanjwa, au kama una mimba. Mafua madogo, kunyonyesha, na kuishi na virusi vya UKIMWI havizuii chanjo hii. Haina kiini kilicho hai, kwa hiyo haiwezi kukupa ugonjwa.

Kijana anayekwenda kutahiriwa aulize mapema. Kwenye kampeni za tohara ya hiari katika nchi za mashariki na kusini mwa Afrika waliwahi kupatikana wagonjwa wa pepopunda, baadhi yao baada ya kutumiwa pete maalumu za kutahiria. WHO ikatoa ushauri wa kuhakikisha wanaotahiriwa wana kinga ya pepopunda. Wazazi wanaopanga jando la kijijini wana sababu kubwa zaidi ya kuanza na zahanati, na kuanza wiki kadhaa kabla, maana dozi moja kwa mtu ambaye hajawahi kuchanjwa haitoshi kumkinga.

Hatua ya 5: Angalia kabla sindano haijachomwa

Una haki ya kuangalia, na muuguzi mzuri atafurahi ukiuliza.

Omba kuona kichupa. Soma jina: Td, TT au Tdap. Soma tarehe ya mwisho wa matumizi. Kisha tafuta kwenye kichupa kiduara kidogo chenye mraba ndani yake. Hicho ni kiashiria cha joto. Mraba ukiwa mweupe au hafifu kuliko duara linalouzunguka, chanjo haijaungua na joto. Mraba ukiwa umefikia rangi ya duara au kuwa mweusi kuliko hilo, kichupa hicho hakifai.

Chanjo hizi hutunzwa kati ya nyuzijoto 2 na 8, na hazipaswi kuganda kabisa. Kugandishwa huziharibu kama joto linavyoziharibu, na kiashiria cha joto hakionyeshi kuganda. Ndiyo maana utamwona muuguzi akikitikisa kichupa na kukitazama kwenye mwanga: chanjo iliyowahi kuganda huweka chembechembe zinazozama chini upesi.

Hakikisha bomba la sindano limefunguliwa mbele yako kutoka kwenye pakiti yake. Dozi ni nusu mililita, na hupigwa kwenye msuli wa juu wa mkono, karibu na bega. Legeza mkono. Msuli uliokazwa huuma zaidi.

Kabla hujainuka, kadi iandikwe: jina la chanjo, tarehe, namba ya kundi la dawa, na tarehe ya kurudi. Kama kituo hakina kadi ya mtu mzima, omba iandikwe kwenye daftari lako na kugongwa muhuri.

Hatua ya 6: Kaa kidogo, kisha ufuatilie mwili wako

Subiri kituoni dakika 15 hadi 30. Mzio mkali ni nadra sana, lakini ukitokea hutokea mapema, na hapo ndipo dawa yake ilipo.

Nyumbani tarajia maumivu na wekundu pale ulipochomwa, uchovu, kichwa kuuma, au homa ndogo. Kwa watu wengi huisha ndani ya siku moja hadi tatu. Kitambaa chenye maji baridi na parasetamoli vinatosha. Usipake dawa za kuchua, usikande kwa maji ya moto, usiweke chumvi. Endelea kuutumia mkono wako polepole.

Rudi kituoni haraka ukiona uso au midomo kuvimba, kupumua kwa shida, vipele mwili mzima, au homa kali isiyoshuka.

Hatua ya 7: Ukiumia, fanya hivi

Osha kidonda mara moja kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni. Toa uchafu unaoonekana. Usipake majivu, kinyesi cha ng'ombe, mafuta ya taa, dawa ya meno wala unga wa vidonge. Majivu na kinyesi ndivyo hasa vinavyoweza kubeba vijimbegu unavyovikimbia. Kutu ya msumari yenyewe haina kosa. Hatari ni udongo ulioganda kwenye msumari na tundu refu jembamba unaloliacha.

Kisha nenda kituoni na kadi yako. Uamuzi hufuata hesabu hii:

- Una dozi tatu au zaidi, kidonda ni kidogo na safi: nyongeza ni lazima kama imepita miaka 10 tangu dozi ya mwisho.
- Una dozi tatu au zaidi, kidonda ni kirefu au kina udongo, kinyesi au mate ya mnyama: nyongeza kama imepita miaka 5.
- Una dozi pungufu ya tatu au hujui: chanjo leo, kidonda kiwe cha aina yoyote. Kikiwa kichafu, uliza pia kuhusu immunoglobulini ya pepopunda, ambayo ni kingamwili iliyo tayari, inayofanya kazi wakati mwili wako haujajifunza kutengeneza yake.

Kama umeng'atwa na mbwa, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, na chanjo ya kichaa cha mbwa isisahaulike kwa sababu ya pepopunda. Zinahitajika zote mbili.

Sindano moja ya siku ya ajali si kinga ya maisha. Hapa ndipo wanaume wengi hupotea. Mtu anashonwa, anachomwa, anaambiwa arudi baada ya wiki nne, kidonda kinapona na harudi. Tarehe ya kurudi ndiyo sindano yenyewe. Iweke kwenye kengele ya simu kabla hujatoka langoni.

Hatua ya 8: Mlinde mtoto tangu kabla hajazaliwa

Pepopunda ya watoto wachanga huingia kupitia kitovu kilichokatwa kwa wembe mchafu au kupakwa vitu visivyofaa. Mtoto ananyonya vizuri siku mbili za kwanza, kisha baina ya siku ya tatu na ya ishirini na nane anashindwa kunyonya na mwili unakaza. Bila matibabu ya hospitali, karibu wote hufa.

Mwaka 1988 WHO ilikadiria vifo 787,000 vya aina hii duniani. Mwaka 2018 makadirio yalishuka hadi 25,000. Uganda ilithibitishwa kuwa imeutokomeza ugonjwa huu kama tatizo la afya ya jamii mwaka 2011, na Tanzania mwaka 2012. Kutokomeza maana yake hapa ni chini ya mgonjwa 1 kwa kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai katika kila wilaya. Vijimbegu bado vimo udongoni, kwa hiyo kila kizazi cha akina mama kinapaswa kuilinda hesabu hiyo upya.

Mjamzito ambaye hajawahi kuchanjwa aanze siku ya kwanza ya kliniki, na dozi ya pili aipate angalau wiki mbili kabla ya kujifungua. Kitovu kikatwe kwa kifaa safi, kisha kiachwe kikavu na safi, isipokuwa mhudumu akupe dawa maalumu ya kupaka.

Kama umesikia kuwa sindano hii inafunga uzazi, jua chanzo kimoja cha maneno hayo. Mwaka 2014 Kenya ilikuwa na mabishano makali baina ya maaskofu wa Kanisa Katoliki na serikali kuhusu kampeni ya chanjo ya pepopunda. WHO na UNICEF zilisema wazi kuwa chanjo ni salama. Angalia pia mtaani kwako: wanawake waliochomwa TT kwenye mimba ya kwanza ndio haohao wanaorudi kliniki na mimba ya pili, ya tatu na ya nne. Anayekuuliza kwa hofu mjibu kwa upole, kwa sababu hofu ya mama juu ya uzazi wake ni jambo zito.

Hatua ya 9: Usiende peke yako

Kichupa cha Td mara nyingi kina dozi 10. Muuguzi wa zahanati ndogo anaweza kusita kukifungua kwa mtu mmoja, lakini kundi likija hana sababu ya kusita. Viongozi wa kijiwe cha bodaboda, wa chama cha wavuvi, wa kikundi cha wakulima, wa msikiti au kanisa wanaweza kumfuata mganga mfawidhi na kuomba siku ya chanjo kwa watu wazima, au waombe wahudumu waje kwa huduma ya mkoba.

Andikeni majina kwenye karatasi moja, na mbele ya kila jina safu tano: dozi ya 1, wiki 4, miezi 6, mwaka 1, mwaka 1. Mmoja awe mshika karatasi, kama mnavyokuwa na mshika fedha wa kikundi. Aliye na kadi aonyeshe, asiye nayo aandikiwe sifuri bila aibu. Tarehe ikifika, mshika karatasi apige simu, na asiyepokea afuatwe nyumbani. Kliniki huwafuatilia wajawazito na watoto wao kwa njia hiihii, na kila mtu mzima anayeshika jembe, spana au ndoana anastahili kufuatiliwa vivyo hivyo.